Jaji apigiwe kura kama mbunge? Tuanze na Persky wa California

Wadau, hoja iliyoletwa ni kwamba majaji wachaguliwe kama wabunge, wakituudhi tuwang'oe. Napinga, na ushahidi wangu unatoka kulekule wanakochaguliwa: kaunti ya Santa Clara, California.

Aaron Persky alikuwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2002 aligombea ujaji akabwagwa. Mwaka uliofuata gavana Gray Davis akamteua. Yaani aliyekataliwa na wapiga kura aliingia kwa mlango wa gavana, tena kihalali kabisa.

Tarehe 2 Juni 2016 akamhukumu mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, muogeleaji, aliyepatikana na hatia ya kumdhalilisha kingono mwanamke aliyekuwa hana fahamu. Upande wa mashtaka uliomba miaka 6. Persky akatoa miezi 6 katika jela ya kaunti, na kijana akatoka baada ya miezi 3. Nchi ikawaka. Waliokasirika siwalaumu, adhabu ile ilikuwa nyepesi mno.

Sasa angalieni kalenda. Siku 5 tu baadaye, tarehe 7 Juni, ulikuwa uchaguzi, na Persky akapata muhula mwingine wa miaka 6 bila kutoka jasho. Hakuwa na mpinzani, na California jaji wa ngazi hiyo asipopata mpinzani jina lake halichapwi hata kwenye karatasi ya kura. Haya ndiyo macho ya mwananchi tunayoambiwa yatamfanya jaji anyooke?

Ikabidi watu wahangaike kukusanya saini ili iitishwe kura ya kumng'oa. Juni 2018 akang'olewa kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, jaji wa kwanza kung'olewa hivyo California tangu 1932. Tume inayosimamia mienendo ya majaji ilikuwa imeshamsafisha, na idara ya probesheni, ile inayoishauri mahakama kuhusu adhabu, ndiyo iliyopendekeza kifungo kifupi. Jeff Rosen, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, hakuipenda hukumu ile, lakini kura ya kumng'oa aliipinga.

Mtasema, si katoka, ubaya uko wapi? Ubaya uko kwa waliokuja kizimbani baada yake. Watafiti waliopitia hukumu za kaunti kadhaa za jimbo hilo waliona adhabu zikipanda mara kampeni ya kumng'oa Persky ilipotangazwa, tena kwa majaji wengine ambao kampeni hiyo haikuwalenga. Na wanaojaza jela za California si watoto wa Stanford (hilo mnalijua). Jaji akitetemekea kiti chake, anayelipa ni mshtakiwa asiye na senti ya wakili.

Kilichobadilika kwa manufaa kilifanywa na bunge la jimbo, mwaka uleule wa 2016: sheria ikarekebishwa, kosa la aina ile sasa ni gereza, hakuna kifungo cha nje. Hasira ilipelekwa kwa watunga sheria ikazaa kitu.

Kwa hiyo mnaotaka kura, nijibuni: mpiga kura wa Santa Clara tarehe 7 Juni angemwajibishaje mtu ambaye hata jina lake hakuliona?