Wosia wa baba juu ya nyumba ya Ngamiani: una nguvu mahakamani?

BintiBarabaraYa14

Asalaam aleikum wana jukwaa. Nitaandika kwa urefu, maana nikifupisha mtanijibu nusu.

Baba yetu alifariki mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani. Kaacha mjane mmoja (mama mdogo, mama yangu mzazi alishatangulia), watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mie ndiye kitindamimba. Mali ya kuonekana ni nyumba moja tu hapa Tanga, Ngamiani, vyumba sita na ukumbi katikati, mbele fremu mbili: moja ana fundi cherehani, nyingine anauza mchele na nazi. Wenzangu wote waliondoka kutafuta maisha, nikabaki na mzee. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Nimemwogesha, nimemlisha, miaka minne.

Mwaka mmoja kabla ya kufa aliniambia nilete daftari, akaita majirani wawili. Yeye akisema, jirani akiandika: "Mimi nikifa, nyumba yangu ya Ngamiani iwe ya binti yangu mdogo kwa sababu ndiye aliyenitunza." Mkono wa kulia haukushika kalamu tena, kwa hiyo akaweka dole gumba la kushoto kwa pedi ya muhuri ya kuazima, wino wa buluu. Dole likateleza, alama ina mkia kama kiluwiluwi. Karatasi nimeifunga kwenye nailoni, iko kabatini chini ya kanga za marehemu mama.

Sasa kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, barua kapewa mahakama ya mwanzo. Kikao cha ukoo kilikaliwa siku ya arobaini. Mama mdogo alikuwa bado edani, hakutoka chumbani, lakini kwenye muhtasari kuna sahihi yake, tena ya mwandiko wa kupendeza, na mama mdogo hajui kuandika hata jina. Mie nilisaini. Wosia niliunyamazia, niliona aibu kuutoa mbele ya watu wanaokunywa kahawa ya msiba.

Tangu siku hiyo kodi ya fremu anapokea kaka. Wiki iliyopita kaja dalali na watu wawili, wakapima na futi kamba mpaka chooni. Mmoja kasimama na viatu juu ya mkeka wa mama mdogo, hata samahani hakusema. Nasikia bei ni milioni 80.

Na jingine: vyumba viwili vya uani nimejenga mie kwa pesa ya upatu, baba akiwa hai.

Naomba kujua, huu wosia utasimama? Niupeleke wapi?

MbondeiWaMuheza

Pole sana dada. Wosia ni wosia, usiogope. Kwetu mtu asiyejua kuandika, wosia wake unatakiwa mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wewe una majirani wawili tu, hapo ndipo pana tatizo. Tafuta wengine wawili waliosikia maneno ya mzee wasaini sasa, mambo yaishe.

Chuma_Cha_Pongwe

Nenda polisi moja kwa moja. Huyo kaka ni mwizi wa mirathi, alale ndani siku mbili atarudisha kodi yote. Au kamfungulie Baraza la Ardhi.

KaraniMstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 22, majalada ya mirathi yamepita mkononi mwangu mpaka nimechoka kuyahesabu. Niruhusu niseme lisilopendeza kwanza.

Ndugu wa Muheza, mashahidi wanne uliowataja wamo kwenye sheria za kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Hukukosea, ila umeleta ufunguo wa mlango mwingine. Na kusainisha watu leo karatasi ya mtu aliyekwisha zikwa ni kughushi, usimfundishe binti wa watu. Hakimu huangalia marehemu aliishi vipi: alioa kwa ndoa gani, aliswali, alizikwa vipi, mwenyewe alikusudia nini. Mzee wa Ngamiani aliyeacha mjane edani, mirathi yake itakwenda Kiislamu. Na kwa Uislamu, wosia kwa mrithi hausimami mpaka warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Ungekuwa mtu baki angeweza kukuusia mpaka theluthi moja. Wewe ni mtoto, fungu lako limo tayari.

Utaniuliza, kama mzee angeupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini? RITA inahifadhi wosia na ni jambo jema kabisa, karatasi haipotei wala hailiwi na mchwa. Kuhifadhi hakubadili kilichoandikwa ndani.

Neno lililokuangusha ni "nikifa". Mzee angesema "nimempa tangu leo", akakukabidhi nyumba ukaishika kama mwenye mali, tungezungumza habari ya hiba, na hiba ya mtu mwenye akili timamu ni shauri jingine. Lakini "nikifa" ni wosia, hata uandikwe kwa wino wa dhahabu.

Sasa hesabu, maana wengi hugombana bila kujua wanagombea nini. Mjane akiwa na watoto wa marehemu hupata thumuni, yaani moja ya nane. Zinabaki saba juu ya nane. Mwanamume anahesabiwa mara mbili ya mwanamke, wanaume wawili ni mafungu manne, wanawake watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Yaani nyumba yenu inagawika nane bila baki, jambo ambalo nimeliona mara chache. Kwa milioni 80: mama mdogo 10, kila binti 10, kila mwanamume 20. Hapo ni baada ya gharama za mazishi na madeni kutolewa.

Na madeni ndipo panapokuhusu. Vyumba vya uani usivitie kwenye wosia. Wewe ni mdai. Deni la marehemu hulipwa kabla hata ya mrithi kuonja. Watakwambia ulimjengea baba kwa mapenzi, kwa hiyo ni zawadi. Una risiti? Fundi aliyejenga yuko hai?

Hii ya dalali ndiyo ya haraka. Msimamizi si mwenye mali, ila kisheria halazimiki kuomba ridhaa ya kila mrithi ndipo auze. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo. Akiuza na barua yake ni halali, ukaja baadaye ukamtengua, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema ni vigumu kumtoa. Utabaki kumdai kaka pesa ambazo pengine zimekwishaliwa. Kwa hiyo uwahi. Usiende polisi, wala Baraza la Ardhi. Rudi mahakama ileile iliyotoa barua, kwenye jalada lilelile, uliza kitu kimoja: Fomu Na. 5 ilijazwa?

BintiBarabaraYa14

Babu, nimesoma nikalia kidogo, nikaenda kukaanga vitumbua, nikarudi kusoma tena. Ahsante kwa kuniambia ukweli. Fomu Na. 5 ni nini?

KaraniMstaafu

Ni orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda mahakama imwongezee muda. Halafu kuna Fomu Na. 6, hesabu: kimeingia nini, kimetoka nini, nani kapewa nini. Wasimamizi wengi wakishapata ile barua yenye muhuri hudhani wamepewa nyumba. Wanaiweka kwenye bahasha ya kaki, mahakamani hawaonekani tena. Nimeona jalada limekaa miaka tisa, ndani mna cheti cha kifo na muhtasari tu, na panya wamekula kona.

Kodi ya fremu ni mali ya mirathi, lazima ionekane kwenye hesabu. Kaa na wale wapangaji wawili, andika walilipa kiasi gani na mwezi gani, kwa mkono wa nani.

Na ile sahihi ya mama mdogo, mwanangu, ina uzito kuliko dole gumba lako. Mjane ni mrithi. Kikao kimemwandika kwa sahihi asiyoweza kuiweka. Hiyo pamoja na kukaa zaidi ya mwaka bila orodha ni sababu za kuomba usimamizi utenguliwe, au angalau kaka aitwe ajieleze na uuzaji usimame kwanza. Mama mdogo mwenyewe aende, asiwakilishwe na maneno yako. Kama nyumba ina hati, peleka pia zuio kwa msajili wa hati, wengine huliita kaveati. Kama haina, barua kwa serikali ya mtaa yenye nakala ya ombi lako. Huwa inamtia dalali ubaridi.

Hakimu akikataa ombi, una siku 30 kukata rufaa mahakama ya wilaya. Hesabu kuanzia siku ya uamuzi, usingoje mtu akupigie simu.

MamaShamba_Bagamoyo

Mzee Karani kamaliza, mie naongeza la kwetu. Marehemu mama aliacha shamba la minazi huku Bagamoyo, akamwusia dada yetu aliyekuwa mlemavu. Shehe akatuambia hivyohivyo, hausimami bila ridhaa. Tukakaa sita, mbali na dada mwenyewe. Wanne tukaridhia, wawili wakagoma. Sikujua kumbe ridhaa si lazima iwe ya wote: kila anayeridhia anatoa katika fungu lake mwenyewe, aliyegoma anachukua chake. Dada akapata mafungu manne na lake la tano. Tuliandika, tukasaini mbele ya hakimu ikaingia kwenye jalada. Kwa hiyo karatasi yako usiitupe, bibie. Waonyeshe dada zako. Kwa kaka sijui, lakini dada zako wanajua nani alikuwa anamgeuza mzee usiku.

Chuma_Cha_Pongwe

Kadhi je? Si amalize hili kwa siku moja?

KaraniMstaafu

Bara hapa si kama Unguja. Kadhi wetu anaweza kuwakalisha, kuwakokotolea mafungu na kuwasuluhisha, na wengi wamesaidiwa. Amri ya kumzuia msimamizi asiuze hana. Hiyo ni ya hakimu. Mama wa Bagamoyo kasema kweli tupu.

BintiBarabaraYa14

Narudi na habari. Jumatatu tulikwenda, mie na mama mdogo, kwa bajaji maana magoti yanamsumbua. Jalada lilichukua saa mbili kupatikana. Fomu Na. 5 haimo. Karani kijana akamwonyesha mama mdogo sahihi "yake", akaiangalia muda mrefu, akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akasomewa jina lake. Akasema, "Mwandiko mzuri. Wa nani?"

Ombi tumeandika palepale, yeye kaweka dole gumba lake, kaka ataitwa wiki ijayo. Dalali sijamwona tena, ila namba yake bado imeandikwa kwa chaki kwenye nguzo ya baraza, sijaifuta, nataka hakimu aione.

Dada mkubwa nimempigia. Nilipomsomea karatasi alinyamaza, kisha akasema nimtumie picha yake. Wa pili anasema atafikiri, ana ada za watoto, simlaumu. Fundi wa vyumba vya uani nimempata, yupo Sahare siku hizi anajenga kwa watu. Risiti za saruji ninazo. Za mabati ndizo sizioni, nahisi nilizitia kwenye kopo la Blue Band, na kopo hilo mama mdogo kalipandia mchicha.

KaraniMstaafu

Mwaga mchicha, tafuta. Na duka la mabati kama lipo bado, nenda kaulize daftari lao la mwaka ule.