Nyumba za kando ya Mto Nairobi: Met Site, Soweto au mpango wa Mukuru, upi unamfaa mpangaji?

Mama Toni (Mathare)
Hamjambo wadau. Tangu mradi wa kusafisha Mto Nairobi uzinduliwe Korogocho Machi 2025, huku kwetu gumzo ni nyumba za bei nafuu. Chumba changu cha mabati kilibomolewa 2024 baada ya mafuriko, ile amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni. Nikapanga kingine juu kidogo. Nataka tulinganishe miradi iliyokwishafanyika hapa Nairobi. Ni upi ulimjali mpangaji? Wenye ploti, wanaotupangisha vyumba, wana watu wa kuwasemea.

Fundi wa Kayole
Pole sana mama. Mimi naunga mkono nyumba za serikali za Mukuru Met Site, pale Enterprise Road. Mei 2025 watu walikabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza, na zilizopangwa kwa jumla zinapita 13,000. Bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ni 3,900 kwa mwezi, unalipa mpaka inakuwa yako. Wangapi wanalipa karibu hiyo hiyo kwa chumba cha mabati na choo cha foleni? Mshahara wangu hukatwa asilimia 1.5 kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizi na nataka kuona pesa hiyo ikiwa kuta.

Jirani wa Soweto
Bei ni nzuri, Fundi, sibishi. Ila angalia Kibera, Soweto Mashariki. Watu walihesabiwa, wakahamishiwa nyumba za muda Lang'ata 2009 kabla vibanda havijabomolewa. Hilo lilikuwa jambo la maana, maana watu walipewa pa kulala kwanza. Lakini nyumba 822 zilikuja kukabidhiwa 2016. Watoto waliohama wakiwa darasa la kwanza walirudi wakiwa wakubwa. Tena kuna waliopangisha nyumba zao na kurudi mabatini, na siwalaumu. Mama aliyekuwa akikaanga samaki mlangoni, jiko hapa na wateja pale njiani, ukimpandisha ghorofa ya nne atamuuzia nani? Kodi haingoji.

Mpimaji
Mbona mnaisahau njia ya tatu? Agosti 2017 kaunti ilitangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru, si Met Site pekee, kuwa eneo maalum la mipango, yaani la kupangwa upya pamoja na wakazi. Kaya zaidi ya 100,000. Kaya zilipangwa kumi kumi, kila kundi likatoa mtu wa kulisemea, na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa ndani tangu mwanzo. Mpangaji alihesabika sawa na mwenye kibanda. Hapo ndipo naipa alama za juu. Kasoro yake ni kwamba ardhi kubwa ina hati za watu binafsi, na wa ukingoni kabisa mwa mto bado hawana budi kuhama. Kwako Mathare, mama, ningetaka hesabu ya Mukuru, makao ya muda kama ya Lang'ata, na bei ya Met.

Mama Toni
Asante mwanangu. Nimejisajili Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba. Si hiyo inatosha?

Mpimaji
Hapana, mama. Hiyo ni foleni ya nchi nzima. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ina nyumba za jamii kwa wenye kipato cha chini ya 20,000, na wewe uko humo. Lakini kujisajili pekee hakuonyeshi kwamba ulibomolewa. Ulizeni orodha ya waliohamishwa iko wapi, na kama wapangaji wana safu yao. Orodha ikiandikwa kwa jina la mwenye ploti peke yake, vyumba kumi vinakuwa mtu mmoja.

Fundi wa Kayole
Hapo umenena. Na waulizwe pia kuhusu vibanda vya biashara chini ya ghorofa, kabla ramani haijapitishwa.

Mama Toni
Baraza la chifu ni wiki ijayo, tunaenda kama kikundi. Kodi nilikuwa nikilipa kwa M-Pesa. Nibebe hizo meseji?

Jirani wa Soweto
Beba, lakini usitegemee simu. Ingia saiba (duka la intaneti), chapisha taarifa ya miezi yote uliyokaa pale, kisha uombe jirani mwenye kitambulisho aandike kwamba anakujua. Nakala moja wape, nyingine baki nayo.