Mrejesho: lenzi ya kupigia picha wadudu

Wakuu, niliuliza nichukue makro (lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya mm 60, ya mm 100, au ringi za kurefushia lenzi yangu ya mm 50, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Nimechukua ya mm 100, kwa sababu ya nafasi. Kwa ukubwa wa 1:1, yaani mdudu anatokea kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, inaacha kama sm 13 hadi 15 kati ya kioo cha mbele na mdudu. Ya mm 60 inaacha chini ya sm 10. Hapo kereng'ende ameshaondoka, au kivuli cha lenzi kimemfunika.

Ringi si mbaya: mm 25 kwenye lenzi ya mm 50 inaongeza ukuzaji wa 0.5. Ila zile za bei chee zisizo na pini za umeme hazikuruhusu kubadili f (tundu la lenzi la kupitisha mwanga; namba kubwa, tundu dogo) kwenye kamera. Tundu la lenzi nyingi za kisasa hubaki wazi kabisa, na sehemu inayotoka kali inakuwa nyembamba sana: jicho la nzi kali, miguu ukungu mtupu.

Aliyeshauri f/22 ili mdudu mzima atoke mkali, hapana mkuu. Kwa 1:1, f/11 tayari inafanya kazi kama f/22. Ukizidisha, picha nzima inapoteza ukali. Mimi f/11, shata (kasi ya kupiga) sekunde 1/200, flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe kulainisha mwanga. Fokasi iwe ya mkono, kisha usogee mwenyewe mbele na nyuma taratibu.