Ushauri wenu wakuu: simu ya utani niliyompigia kipa hewani imemliza, na bosi anataka niiendeleze

Wakuu habari za muda huu. Mi ni mtangazaji wa kipindi cha michezo cha asubuhi kwenye redio moja ya mkoani, saa 12 mpaka saa 3, tuko watangazaji watatu na prodyuza na fundi mitambo. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo halinipi usingizi wiki ya pili sasa.

Tuna kipengele cha simu ya kushtukiza. Tulianza vizuri tu, tunampigia shabiki wa Yanga tunajifanya Simba wamemsajili kuwa mshika bendera, tunampigia wa Simba vivyo hivyo, watu wanatukana kidogo wanacheka tunaachana kwa amani. Mdhamini akapenda, kampuni ya kubeti, kipengele kikawa kila siku badala ya Ijumaa tu, na hapo ndo tatizo lilipoanzia maana ukishalazimika kuchekesha kila siku utafika mahali watu wa kuchekesha nao wanaisha unaanza kutafuta wa kumcheka.

Jumamosi moja timu ya hapa kwetu ilifungwa 1-0 nyumbani dakika ya 88, mpira mwepesi kabisa ukampita kipa kwapani. Jumatatu nikampigia laivu, nikabana sauti ya kizee, nikamwambia mi katibu, kamati imekaa usiku imesitisha mkataba wako, njoo uchukue barua urudishe na glavu. Nilitegemea abishe. Kijana akanyamaza, alafu akasema "shikamoo mzee, naomba mnivumilie hata msimu uishe, mama anaumwa na mshahara wa miezi miwili bado sijapata." Akaanza kulia. Mi nikamwambia uko laivu bwana, mwenzangu akapiga ile sauti ya ngoma, tukaenda matangazo.

Sasa feda yangu, ile swichi ya kupandisha na kushusha sauti ya maiki, ilibaki juu. Tangazo la kwanza likawa linaruka huku nasikika nasema "tumempata, hii klipu leo itatembea." Mkoa mzima umesikia.

Na klipu kweli imetembea, kila grupu la WhatsApp. Uongozi wa timu umemwita kijana kwamba ametoa siri za mishahara redioni. Mi nilisimamishwa wiki moja, nimerudi, na meneja wa vipindi anasema wasikilizaji wameongezeka, tuendelee na kipengele, na kipa tumpigie tena "tumalizie." Sitaki. Naomba ushauri, nimwombe msamaha hewani au pembeni? Bosi nimwambieje bila kupoteza kazi? Na nikikiua hiki kipengele niweke nini, maana saa moja na nusu asubuhi watu wako kwenye daladala wanataka kucheka.

Kigogo wa Mapinduzi
Kabla ya yote, umeshamtafuta huyo kijana mwenyewe?

Mleta mada
Nimepiga mara nne hapokei. Meseji anaziona hajibu.

Kigogo wa Mapinduzi
Asipokee simu yako hata mi namwelewa. Namba yako kwake ndo ile ile ya "katibu". Acha simu, nenda kwa miguu.

Mpiga Feda
Nimekaa kwenye mitambo miaka 11, niongelee hilo la feda maana naona watu watalipita haraka. Sheria ya kwanza studio ni kwamba maiki yoyote iliyo mbele yako ihesabu iko hewani, hata taa nyekundu ikizimwa, hata ukiona tangazo linaruka. Tangazo linapita kwenye chaneli yake na maiki yako kwenye chaneli yako, moja haizimi nyingine, vyote vinakutana kwenye miksa vinatoka pamoja. Ukivua hedifoni ndo kabisa hujisikii. Sasa hapo wa kushusha feda ni fundi, ila wa kufunga mdomo ni wewe.

Nyie mnarusha simu za watu laivu, je mna dilei? Redio zenye uwezo zinachelewesha matangazo kwa sekunde chache, nyingi ni kama 7 hivi, prodyuza akisikia kitu kibaya anabonyeza kitufe kile kipande hakifiki kwa msikilizaji. Redio nyingi za mikoani hazina. Kama hamna, basi prodyuza wenu alipaswa kukata simu ile sekunde kijana alipotaja mama yake. Hilo sio lako peke yako, prodyuza naye aulizwe.

Na msidhani ni ushamba wetu tu. Januari 2011 Uingereza, Andy Gray na Richard Keys wa Sky Sports, watu wazito kwenye mpira kule, walinaswa na maiki kabla ya mechi ya Wolves na Liverpool wakimdharau mshika kibendera mwanamke kwamba hajui offside. Walidhani wako peke yao. Siku chache mmoja kafukuzwa mwingine kajiuzulu.

Mleta mada
Dilei hatuna mkuu. Na prodyuza alikuwa anacheka. Sikutaka kumsema ila umeuliza.

Mama Wawili Ilemela
Mwanangu mi sijui mambo ya feda. Mi nauza samaki sokoni na redio yangu inawaka toka alfajiri. Siku ile niliisikia. Tulikuwa tunacheka mpaka aliposema mama anaumwa, meza yetu yote ikanyamaza. Umewaza mama yake kama naye alikuwa na redio? Umeomba ushauri wa bosi na wa kipengele, mama hujamtaja hata mara moja. Nenda kamsalimie mgonjwa. Usiende na maiki.

Mleta mada
Mama shikamoo. Kweli sikumtaja. Ahsante, nimeumia lakini ahsante.

Mtani wa Jadi
Mi naona tatizo hapa ni neno utani, tunalitumia vibaya. Utani una pande mbili. Mngoni anamtania Mhehe kwa sababu Mhehe nae kesho atamrudishia, tena mtani anaweza kukufanyia vituko hadi msibani na hukasiriki kwa sababu zamu yako ipo. Simba na Yanga vivyo hivyo, Mei 2012 Simba walipopiga 5-0 Yanga walionyeshwa vidole vitano miaka na miaka, Novemba 2023 Yanga wakapiga 5-1, vidole vikarudi kwa wenyewe, na Simba wakavimeza. Ndo raha yake, deni linalipika.

Sasa huyo kipa alikuwa anakurudishia nini? Hajui kama anaongea na redio, hajui kama ni wewe, anaamini anaongea na mtu aliyeshika ugali wake. Pale hukumtania, ulimtisha mtu na njaa yake. Ukitaka kujua kama kitu ni utani jiulize tu huyu anaweza kunijibu? Wale mashabiki wa mwanzo walikuwa wanaweza, walikutukana mkacheka wote.

Beki Tatu
Mnamkandamiza sana jamaa. Simu za kushtukiza zinafanyika dunia nzima, rekodi kwanza, mpigie mtu mwambie ilikuwa utani, akikubali rusha, akikataa futa. Kipengele kibaki, kirekebishwe.

Ndugu wa Tabata
Beki Tatu kurekodi kwanza peke yake hakusaidii kama idhini huombi. Desemba 2012 watangazaji wa 2Day FM ya Sydney walipiga hospitali moja London alikolazwa Kate, mke wa Prince William, wakajifanya Malkia Elizabeth na Prince Charles. Ile simu haikuwa laivu, ilirekodiwa ndo ikarushwa, dunia nzima ikacheka. Siku ya tatu nesi aliyepokea simu na kuipitisha akakutwa amejiua. Watangazaji nao walilia hadharani kwenye TV, kipindi kikafutwa. Simtishi mleta mada, nasema hujui mtu unayempigia anabeba nini siku hiyo, na wewe umeambiwa kabisa alichobeba.

Na kuna kisa cha redio ya michezo kipindi cha asubuhi kabisa kama chako. 790 The Zone ya Atlanta, Marekani, Juni 2013. Steve Gleason, aliyechezea New Orleans Saints, timu ya mpira wa Kimarekani, anaumwa ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, akawa anaongea kwa kompyuta. Wale watangazaji watatu wakafanya kichekesho cha mtu anaongea kwa sauti ya kompyuta wakijifanya ndo yeye amepiga simu studio. Kufika jioni ya siku hiyo hiyo wote watatu hawana kazi. Waliomba radhi, Gleason akakubali radhi yao, lakini kazi haikurudi. Mwambie meneja wako hayo ndo mahesabu, wasikilizaji wakiongezeka kwa kitu kama hiki ni wa wiki mbili tu.

Wakili Msomi wa Kata
Kwa ufupi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambayo inaita redio na inaadhibu. Umerusha ugonjwa wa mama wa mtu na mshahara wake bila ridhaa. Mwandikie meneja kwa maandishi kwamba hukubali kumpigia tena na kwa nini, kwa heshima, ubaki na nakala. Usibishane kwenye korido.

Golikipa Mstaafu
Nimedaka madaraja ya chini miaka 9. Straika akikosa mabao matano anasahaulika akifunga la sita, kipa akiokoa kumi na kuachia moja analala na lile moja. Jumatatu asubuhi baada ya kosa kama hilo unaogopa hata kwenda dukani. Wewe ukampigia siku hiyo.

Nenda mazoezini mapema kabla wenzake hawajafika, makipa huwa wanatangulia na kocha wao. Usijielezee. Usimwambie "ilikuwa kazi". Mwambie nimekukosea, niko tayari kusema hewani lakini kwa maneno utakayoyakubali wewe. Alafu nenda kwa uongozi wa timu uwaambie kijana hakutoa siri, alidhani anaongea na katibu. Hilo ndo litamsaidia zaidi ya maua.

Sauti ya Alfajiri
Kuhusu kipengele mbadala, cheko bora redioni ni la mtangazaji kuteleza mwenyewe. Mwaka 1991 BBC, mechi ya kriketi England na West Indies pale The Oval, Ian Botham alijikwaa kwenye vijiti vyake akijaribu kuviruka, Jonathan Agnew akasema kakosa kupitisha mguu, na kwa Kiingereza maneno yale yana maana ya pili ya chumbani. Mwenzake Brian Johnston, mzee wa watu, akajaribu kuendelea kusoma matokeo akashindwa, sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto, anaomba wenzake waache. Hakuna aliyeumia na watu wanaisikiliza mpaka leo.

Fanyeni utabiri Ijumaa, Jumatatu aliyekosa asomee hewani meseji za wasikilizaji wanaomsuta bila kujitetea. Au kosa la wiki la studio, ulivyomwita mchezaji kwa jina la timu, ulivyosema "goli la kona ya katikati". Mdhamini atabaki tu, anachotaka ni masikio.

Mleta mada
MREJESHO. Nimechelewa, samahanini.

Nilienda uwanjani Alhamisi saa 12 na nusu asubuhi nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Alikuwa anafunga glavu. Nikamwambia kama Golikipa Mstaafu alivyosema, bila kujielezea. Alinyamaza muda mrefu, alafu akaniuliza kitu kimoja tu, klipu inaweza kufutika? Maana mdogo wake shuleni wanamwigizia ule mlio wa kulia. Hapo ndo nilishindwa kusimama vizuri.

Kwa katibu wa kweli nimefika, nimeeleza, wamesema shauri lake wamelifunga. Kwa mama yake nilienda Jumamosi (Mama Wawili nakushukuru), mgonjwa alinikaribisha uji na hakunisema, akaniuliza tu nyumbani kwetu ni wapi.

Barua kwa meneja nimepeleka. Amekasirika, amesema tutaona mwisho wa mwezi, lakini simu za kushtukiza zimesimama na ile ya utabiri tunaijaribu Ijumaa. Prodyuza ameomba dilei inunuliwe.

Kesho saa moja na nusu nasoma msamaha, dakika moja, bila muziki chini yake. Nilimtumia kijana aukague kwanza, amefuta sentensi moja, ile niliyomtaja mama. Kwenye kurasa za redio klipu tumeshaiondoa leo saa 4. Kwenye magrupu siwezi kuifikia, kwa hiyo yeyote anayeisoma hii na anayo kwenye simu yake naomba aifute, na kama kuna mtu alimtumia amwambie nae afute.