Naomba ushauri: siku mbili Luxor na mama, tuanzie wapi?

Binti_Pangani: Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane nampeleka mama Luxor, Misri. Anataka makaburi ya wafalme, hekalu la Karnak, na kuswali kwenye msikiti ulio ndani ya hekalu. Tukae upande upi wa mto? Usingizi hauji kwa mawazo.

MzeeRamani: Mashariki, ndiko stesheni, Karnak na Hekalu la Luxor vilipo. Bonde la Wafalme liko ng'ambo, magharibi. Kivuko cha abiria kiko mbele ya hekalu. Kwa gari mnazungukia daraja la kusini mwa mji. Muwe getini saa 12 asubuhi, maana mwezi huo joto hupita nyuzi 40 na bondeni hakuna mti. Beba kadi ya benki, wakata tiketi hawataki fedha taslimu.

Kisiki: Watu mnakimbilia Misri, Kilwa Kisiwani hamjafika. Tuanze na vyetu jamani.

MamaNuru: Mama ana umri gani? Ngazi anapanda?

Binti_Pangani: 66. Anapanda taratibu.

MamaNuru: Taratibu kwa nini?

Binti_Pangani: Haya. Amewekewa goti bandia mwezi wa tatu. Ila daktari kamruhusu kusafiri, na puto la hewa moto, la kuruka alfajiri, nimeshalilipia nusu. Lile si ni la kukaa tu?

MamaNuru: Hakuna kukaa. Abiria husimama, na kikapu hakina mlango: unapanda kwa kukanyaga matundu ya ubavuni. Kikitua unakunja magoti na kushika kamba, kwa sababu hudunda na pengine kulala ubavu. Goti la miezi mitano usilipeleke huko.

Binti_Pangani: Wakala kasema watamshika. Na ni ndoto yake.

MamaNuru: Watamshika akipanda. Kikitua kila mtu anajishika mwenyewe.

MzeeRamani: Makaburi nayo chagueni kwa goti. Tiketi ya kawaida ni ya makaburi matatu. La Ramses IV ni pana na karibu tambarare, anzeni hapo. La Ramses VI lina tiketi yake. Mteremko ni mrefu lakini mpole, na darini kumechorwa Nut, mungu wa kike wa anga, anameza jua jioni na kulizaa asubuhi. Tutankhamun ni ngazi 16. La Thutmose III liacheni kabisa: unapanda ngazi za chuma mlimani, kisha unashuka tena ndani.

JichoKali: Ngojeni kwanza. Msikiti ndani ya hekalu la Firauni? Halafu goti linazuka katikati ya uzi? Hii chai, mnamlisha mtunga hadithi.

MzeeRamani: Si chai. Ni Msikiti wa Abu al-Haggag, wa karne ya 13. Ulipojengwa, Hekalu la Luxor lilikuwa limefukiwa na vifusi, watu wameweka nyumba juu yake. Uchimbaji wa miaka ya 1880 ukashusha ardhi, mlango wa zamani ukabaki juu ukutani, chini yake hewa tupu.

JichoKali: Nimeona picha. Nafuta kauli, dada. Mama anaingilia wapi?

MzeeRamani: Upande wa mjini, bila tiketi ya hekalu. Teksi imshushe hapo hapo.

Binti_Pangani: Basi puto nipande mwenyewe, mama alale hotelini?

MamaNuru: Sawa, ila isiwe siku ya Bonde. Mkichelewa getini mtaingia makaburini na msongamano, na ndani hewa ni nzito. Kutoka getini kuna vigari vya umeme, mpandishe hivyo kwenda na kurudi.