Tupeane uzoefu (mjadala wa mwaka 2025): mgomo wa posta Kanada na hela zetu za mizigo, mlizidai vipi?

Baba Trela (Brampton)

Wakuu habari zenu, poleni na barabara. Canada Post wamegoma tena toka Septemba 25 mwaka huu wa 2025 na sisi wenye vikampuni vidogo vya malori tunajua maana yake. Mwaka jana, 2024, walianza Novemba 15 wakarudi kazini Desemba 17, yaani kipindi chote kile ambacho mizigo ya Krismasi inalipa ndicho kipindi ambacho hakuna bahasha iliyotembea. Na mwaka jana angalau chama chao CUPW kilitoa notisi ya masaa 72, safari hii imetokea ghafla, serikali imetangaza mabadiliko ya posta na siku hiyohiyo watu wakatoka. Nataka tupeane uzoefu, kila mtu aseme hela za wateja alizipataje, ili na wale walioanza na gari moja juzijuzi wasikwame.

Naanza mimi. Shida yetu ni kwamba hela ya kutoka haijui mgomo. Kadi ya mafuta inakatwa kila wiki, bima inakatwa, rejesho la lori linakatwa, dereva anataka chake Ijumaa na ni haki yake, vyote hivyo vinakwenda kwa mtandao. Hela ya kuingia sasa, wateja wengi wa huku mpaka leo wanaandika cheki, wanatia kwenye bahasha, wanabandika stempu. Mimi nilipokuwa nyumbani nikiendesha Mombasa kwenda Kampala nilikuwa nashusha mzigo na hela ya njia inaingia kwenye simu nikiwa bado getini, nilipofika huku nikaambiwa subiri posta siku 45 nilidhani natapeliwa.

Nilichofanya mwaka jana: nilipiga simu, sikutuma imeili. Na sikuuliza "mtalipa lini" maana jibu lake unalijua. Niliuliza "cheki yangu imeshaandikwa? sasa hivi iko wapi?" Hapo utapata majibu ya aina tatu na kila moja lina njia yake. Akisema haijaandikwa, mwombe alipe moja kwa moja benki na umtumie fomu palepale mkiwa bado kwenye simu. Akisema imeandikwa ila iko kwenye droo ya mhasibu, unaifuata au unalipia kuria, FedEx na UPS walikuwa wanafanya kazi kama kawaida. Akisema ilishatumbukizwa posta kabla ya mgomo, hiyo ndiyo ngumu, na ndiyo ilinikuta kwa mteja wangu mkubwa. Cheki ilikuwa imelala kwenye ghala la posta na hakuna mtu wa kuigusa. Mteja akasema hawezi kulipa mara mbili, na kwa hilo alikuwa sahihi. Tukakubaliana aisimamishe ile cheki benki, ada ya kusimamisha nikalipa mimi, nikamwandikia barua kwamba ile ya zamani ikifika nitairudisha sitaiweka benki, ndipo akanitumia hela kwa njia ya benki. Ile bahasha ilikuja kufika Januari nikamrudishia kama nilivyoahidi, na toka siku ile hajawahi kuniandikia cheki tena. Nawasilisha, karibuni.

Dada wa Mahesabu (Edmonton)

Asante kaka kwa kuanzisha hii. Mimi sio dereva, namfanyia mahesabu mume wangu na madereva wengine wachache wa kwetu hapa Edmonton, na naomba niongee na wale wanaofikiri Interac e-Transfer, ile ya kutumiana hela kwa imeili kupitia benki, inamaliza kila kitu. Inasaidia sana ila ina kikomo, benki nyingi akaunti ya kawaida ni kama dola 3,000 kwa siku, sasa invoisi ya 7,800 mteja atakuambia haiwezekani na atarudi kwenye cheki yake. Mwambie aigawe, leo 3,000, kesho 3,000, keshokutwa iliyobaki, na kila moja aandike namba ya invoisi kwenye ujumbe, maana bila hiyo namba mwisho wa mwezi utalia, mteja mmoja ana invoisi sita na hela zimeingia vipande vipande hujui kipi ni cha kipi. Halafu washeni Autodeposit, hela inaingia yenyewe bila swali na jibu, mtu akiingia kwenye imeili yako hana cha kuiba njiani.

Kwa hela kubwa tafuta EFT, yaani hela inatoka akaunti ya mteja inaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako. Mteja anataka vitu vitatu tu, namba ya taasisi (benki) tarakimu 3, transit (namba ya tawi) tarakimu 5, na namba ya akaunti, vyote viko chini ya cheki yako au unapakua fomu kwenye programu ya benki. Nilichojifunza ni kwamba mhasibu wa mteja mara nyingi hakatai, anachoka tu kubadilisha mfumo wake, kwa hiyo mrahisishie: imeili moja, ndani yake fomu ya benki, orodha ya invoisi zote zinazodaiwa na tarehe zake, na POD, ile karatasi ya kuthibitisha mzigo umepokelewa, ya kila mzigo ikiwa imesainiwa na inasomeka. INASOMEKA jamani. Madereva wanapiga picha karatasi iko juu ya paja, kidole kimeziba saini, halafu tunamlaumu mteja kachelewa.

Mswahili wa Prairie (Winnipeg)

Hapo kwenye POD dada umenena. Mimi nibebe upande wa wateja wa Marekani maana ndio walionitoa jasho. Mwaka jana mwisho wa Novemba posta ya Marekani yenyewe ilisimamisha kupokea barua za kuja Kanada, kwa hiyo hata mteja awe na nia njema cheki yake haina pa kupita. Na ukimwambia alipe kwa ACH, yaani malipo ya akaunti kwa akaunti ya kule Marekani, anakuuliza akaunti ya benki ya Marekani, kama huna basi ni wire, yaani kutumiwa hela benki kwa benki kuvuka mpaka, na wire inakatwa ada huku na huku.

Mimi nilichukua sanduku la barua upande wa pili, Pembina pale North Dakota, ukivuka tu Emerson umefika. Wateja wote wa Marekani nikawapa anwani hiyo. Kwa kuwa gari zangu zinapita pale karibu kila wiki, dereva akirudi anasimama anachukua bahasha. Wenzetu wa Vancouver wanafanya hivyohivyo Blaine. Halafu nikafungua akaunti ya dola za Marekani kwenye benki yenye tawi huko, sasa wateja wengi wameshahamia ACH na sanduku limebaki la wazee wachache wasiotaka kubadilika. Ada ya sanduku kwa mwaka ni ndogo kuliko wire mbili.

mtoto_wa_Uvira (Ottawa)

Jambo ndugu zangu. Mimi niko na gari moja tu, naendesha mwenyewe, kwa hiyo cheki nilikuwa nafuata mwenyewe. Nawaambia hiyo njia inafanya kazi lakini jueni hivi, mahali unaposhusha mzigo siyo mahali penye hela. Unafika ghala, mlinzi hajui chochote, yule wa forklift hajui chochote, ofisi ya mahesabu iko mji mwingine kabisa. Kwa hiyo piga simu kwanza upate jina la mtu anayeshika cheki, na uulize anataka nini ili akupe. Mimi kwa mteja mmoja Mississauga walitaka barua ya kampuni inayosema fulani aruhusiwe kuchukua, pamoja na kitambulisho. Kampuni ni mimi, fulani ni mimi, nikajiandikia barua nikasaini nikaenda nayo, wakanipa.

Nilikaa ndani ya gari palepale kwenye parking yao nikasaini nyuma ya cheki nikaiweka juu ya kitabu cheusi nikapiga picha na programu ya benki. Picha ya kwanza ilikataa sababu ya kivuli cha wipa, nikawasha taa ya ndani ikakubali. Ila wakubwa msifurahi hapo, benki inaweza kushikilia hizo hela siku kadhaa kabla hujazigusa, hasa kama akaunti ni mpya, na picha za simu zina kikomo chake. Kama ni kiasi kikubwa ingia benki uongee na mtu. Na ile karatasi usiichane mpaka uone hela imetulia.

Baba Trela (Brampton)

Ndugu wa Ottawa umenikumbusha jambo, kwa sisi tunaobeba mizigo ya mabroka, yaani madalali wanaotutafutia mizigo kwa wenye mali. Kuna broka mwaka jana alitumia mgomo kama blanketi, kila ukipiga "posta, posta", kumbe yeye kwa mwenye mzigo alishalipwa kwa benki siku nyingi. Kwa Ontario sheria ya barabara inamtaka anayepanga usafiri wa mzigo aiweke hela ya msafirishaji kwenye akaunti ya amana mpaka amlipe. Nilimwandikia kwa heshima, nikamtajia hiyo sheria, nikamuuliza tu hela ya mzigo namba fulani iko kwenye akaunti ya amana au haiko. Jioni nililipwa. Kwa mizigo ya broka wa Marekani kule kuna bondi, yaani dhamana, ya dola 75,000 ambayo wanatakiwa wawe nayo, unaweza kudai kwenye bondi, ila iacheni iwe ya mwisho, inachukua muda.

Kijana wa Reefer (Calgary)

Mimi nilikuwa natumia faktaringi, yaani unawauzia invoisi wanakupa hela kesho yake wanakata asilimia zao, mimi walikuwa wanakata 3. Kwa mgomo iliniokoa kweli, sikukosa mafuta hata siku moja. Ila someni mkataba. Ukishasaini, mteja anapewa notisi kwamba hela zote zielekezwe kwa wale jamaa, siyo kwako. Sasa wakati wa mgomo mteja wangu mwenye huruma akasema ngoja nimsaidie kijana akanitumia e-Transfer mimi, ikawa vurugu, wale jamaa wanamdai yeye bado. Nikazipeleka kwao siku ileile yakaisha. Pia ulizeni kama mkataba ni wa kurudishiwa invoisi mteja asipolipa, maana mingi ni hivyo, na mgomo ukirefuka invoisi inarudi kwako na hela ulishakula.

Dada wa Mahesabu (Edmonton)

Jambo jingine, naomba mlichukulie kwa uzito. Kipindi hiki kila kampuni inabadilisha njia ya kulipa na matapeli wanajua. Kuna mteja wa mmoja wa madereva wangu alipokea imeili yenye nembo yetu, jina letu, "kwa sababu ya mgomo akaunti yetu imebadilika". Herufi moja ndiyo ilikuwa tofauti kwenye anwani ya imeili. Mungu saidia yule mama wa mahesabu akapiga simu kuuliza, na alipiga ile namba aliyokuwa nayo zamani, hakupiga ile iliyokuwa kwenye imeili. Toka hapo kila mteja nimemwambia: sisi hatubadilishi akaunti kwa imeili peke yake, ukipata ujumbe kama huo nipigie.

Mke wa Posta (Toronto)

Habari zenu. Nasoma kimya siku zote ila leo niseme kidogo. Mume wangu ni posta, anagawa barua. Mwaka jana wiki zile tuliishi kwa posho ya mgomo na mshahara wangu. Najua mnaumia, naombeni tu msiwatukane humu, hata wao wana rejesho la nyumba. Toka Oktoba 11 wamebadilisha wanagoma kwa zamu, mji kwa mji, kwa hiyo barua zinatembea ila kwa kuchelewa. Cheki zilizokwama zitafika.

Baba Trela (Brampton)

Shemeji pole na asante, hakuna atakayewatukana hapa. Na hiyo habari ya zamu ni muhimu wakuu, maana wateja wameanza kusema "posta wamerudi" na wanataka kurudi kwenye bahasha. Mimi nawajibu kwamba fomu ya benki iko palepale na invoisi zangu zote sasa hivi chini zimeandikwa namba za EFT, anwani ya posta nimeitoa kabisa.

mtoto_wa_Uvira (Ottawa)

Swali, stika za IFTA (ule mfumo wa kodi ya mafuta kwa malori yanayovuka mikoa na mpaka) za mwaka mpya nazo zinakuja kwa posta, mnafanyaje?

Mswahili wa Prairie (Winnipeg)

Omba mapema, halafu piga simu ofisi ya mkoa wako uulize kama unaweza kwenda kuchukua mwenyewe. Usisubiri Desemba. Na ukiwapigia waulize na mambo ya pleti kabisa, simu yao unaweza kukaa kwenye foleni lisaa lizima.