Wanaoishi karibu na mikoko ndio wanakataa kuchangia kupanda mikoko, kwa nini?

bamvua84:
Assalaam aleikum wadau. Mi naishi Mikindani Mombasa, hapa hori la Tudor. Kikundi chetu kinataka kurudisha mikoko sehemu mbili zilizobaki tope tupu, basi tukapita nyumba kwa nyumba na swali moja, je uko radhi kutoa shilingi 100 kila mwezi kwa mwaka mzima? Nilikuwa na hakika wale wa chini kabisa, wanaofungua dirisha na kuona mikoko, ndio watakuwa wa mbele. Wapi! Wengi walisema "si mikoko hiyo hapo, mingine ya nini", na wale wa juu kule barabarani ambao hata kivuli cha mti hawana ndio walikuwa wanauliza tunaanza lini. Mzee mmoja wa huko juu, hori hajashuka miaka, alisema atatoa hata 200. Kusema kweli niliumia maana wa chini ndio wanaokula kaa na kamba wa pale. Tuliuliza vibaya ama mtu akiwa na kitu karibu hukizoea mpaka hakioni?

mtu_wa_diko:
Waaleikum salaam. Mi niko Gazi, Kwale, na huku ni kinyume kabisa. Mikoko yetu ilikatwa sana miaka ya 70 kwenda kuwa kuni za viwanda, sehemu zingine zikabaki mchanga mtupu, kupanda kukaanza miaka ya 90 na watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Wazee waliokuwepo wanakumbuka palikuwa na nini, pakawa hapana kitu, halafu pakarudi, kwa hivyo ukiwauliza habari ya kupanda wanakujibu kwa kitu walichokiona kwa macho. Na tangu 2013 kuna Mikoko Pamoja, hekta 117 zinatunzwa, hati za kaboni inayofyonzwa na mikoko zinauzwa nje na pesa inaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Jirani zako wanaona ile iliyobaki tu, kurudi kwake hawajakuona bado. Lakini usidhani huku kila mtu atakubali kila mahali, jaribu kupanda kwenye diko wavuvi wanapoegesha vyombo uone, na wana haki, ukiwazibia pale watapita wapi?

mvinje_mrefu:
Mi nazungumza kama mtu wa Bamburi. Haller Park palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mwamba mweupe mtupu, René Haller akaanza kupanda 1971, aina 26 za miti zikajaribiwa na zilizosimama ni tatu tu, mvinje ikiwa mojawapo. Halafu majongoo ndio wakala majani makavu ya mvinje wakatengeneza udongo. Watoto wangu wanadhani ule msitu upo tangu zamani za Nabii Nuhu. Sasa nikiulizwa nichangie msitu mwingine hapa karibu pengine nitasita, wikendi nishapata pa kupeleka watoto. Lakini mikoko nitachangia, kwa sababu mvinje haifanyi kazi ya mkoko, samaki hawazalii juu ya mvinje. Mtu akiwa na kitu karibu anapunguza hamu ya kitu cha aina ile ile, cha aina nyingine haipungui. Jirani zako wa chini umewaambia mtapanda mikoko, wao wameshakuwa nayo, wameona ni kuongezewa tu. Wangesikia mnaziba lile tope linalonuka na kwamba kamba watarudi upande ule, pengine wangejibu vingine.

fundi_madau:
Ndugu yangu, hao wa juu barabarani si ndio wenye mshahara? Na wa chini ni vibarua na wavuvi. Shilingi 100 kila mwezi kwa mtu anayelipwa kwa siku ni unga huo. Kwa hivyo hujui kama ulichopima ni umbali na mikoko ama ni mfuko wa mtu, vyote viwili vimekwenda pamoja. Waulize siku za kazi badala ya pesa. Na tafadhali msikimbilie kuchomeka mkoko kila mahali kwa sababu tu mbegu zake ndefu ni rahisi kupanda, angalieni kwanza kilichoua ile ya zamani, kule Mwache baada ya mvua za El Niño 1997/98 tope lilifunika mizizi mikoko ikafa mingi, na pakiwa bado panajaa tope mtapanda mara kumi bure.

bamvua84:
Wallahi hiyo ya mshahara haikunipitia kabisa. Juzi Jumamosi tumerudi nyumba za chini tukauliza tena, safari hii siku mbili za kazi kwa mwezi, wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, na tukawaonyesha sehemu yenyewe ilivyo. Wengi waliokataa mara ya kwanza wamejiandikisha. Ila mama mmoja anayekaanga samaki pale chini alitusimamisha akatuambia kwanza tuzuie wanaokata mchu, aina moja ya mikoko, kwa kuni usiku, kupanda baadaye, yeye kwa ile iliyosimama atatoa siku zake zote na kwa mipya hatoi hata moja. Jumapili tunakaa naye yeye na wale vijana wa kuni.